Mtoto anapoogopa kiti cha daktari wa meno

Mtoto wa miaka mitatu au minne huogopa asichokijua: taa inayomulika usoni, mlio wa mashine, mtu aliyevaa barakoa anayemtaka apanue kinywa. Akijua kinachofuata, sehemu kubwa ya hofu hupungua. Bahati mbaya maandalizi mara nyingi huharibikia nyumbani. Mtoto aliyezoea kutishiwa kwamba akifanya utundu "daktari atakuchoma sindano" hufika kliniki akidhani amekuja kuadhibiwa. Hata ahadi ya soda kabla ya kuondoka humwambia kwamba kuna baya linamsubiri (na soda yenyewe ndiyo iliyotufikisha hapa). Mwambieni tu kwamba daktari atahesabu meno yake. Mleteni asubuhi, akiwa amelala vya kutosha na amekula kidogo.

Aliye chini ya miaka mitatu simlazi kitini. Mimi na mzazi tunakaa tukitazamana, magoti yakigusana. Mama anampakata mtoto uso kwa uso, miguu ya mtoto imezunguka kiuno cha mama, kisha mtoto analazwa taratibu hadi kichwa chake kitue mapajani mwangu. Mama anashika mikono na anamwona mwanawe muda wote. Mtoto atalia, na akilia kinywa kiko wazi, nami naona meno yote kwa muda mfupi.

Kwa mkubwa kidogo natumia utaratibu ulioelezwa na daktari wa meno Addelston mwaka 1959: namweleza, namwonyesha, natenda. Brashi inazungushwa kwanza kwenye ukucha wake, hewa inapulizwa kiganjani, ndipo tunaingia kinywani papo hapo. Kosa la kawaida ni kuonyesha kifaa, kisha kugeuka kuzungumza na mzazi dakika tano. Hofu yote inarudi. Tunakubaliana pia ishara: akiinua mkono wa kushoto, nasimama. Atajaribu mara moja kuona kama nasema kweli. Usiposimama mara hiyo ya kwanza, ishara imekufa. Mzazi akae karibu, lakini sauti ya kuelekeza iwe moja. Watu watatu wakisema "panua, panua" kwa pamoja, mtoto hamsikii yeyote.

Sindano siinyanyui mbele ya macho yake, wala sisemi "haitauma", kwa sababu akihisi maumivu hataniamini tena. Nasema atahisi kama anafinywa kidogo, nitahesabu mpaka kumi. Kabla ya hapo nakausha fizi kwa pamba na kupaka jeli ya ganzi kiasi cha punje ya choroko, dakika moja hadi mbili. Ikipakwa kwenye mate haishiki. Ikizidi hutiririka kooni, koo linakufa ganzi na mtoto anadhani anakabwa. Dawa yenyewe isukumwe polepole, kama mililita moja kwa dakika, maana kinachouma zaidi ni msukumo wa haraka. Kipimo nacho hakikadiriwi kwa macho. Lidokaini, yaani dawa ya ganzi iliyo kwenye sindano, haizidi miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 15 mwisho wake ni miligramu 66, na kichupa kimoja cha mililita 1.8 cha asilimia 2 kina 36. Vichupa viwili vizima tayari vimevuka.

Lakini je, jino hilo linahitaji sindano? Hapa ndipo ningependa wenzangu watulie zaidi. Njia ya ART (Atraumatic Restorative Treatment, yaani kuziba jino bila kulijeruhi), iliyoanza kujaribiwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, husafisha tundu kwa vifaa vya mkono na kuliziba kwa glasi ayonoma (aina ya saruji ya meno), bila mashine na mara nyingi bila ganzi. Hufaulu vizuri kwenye tundu la upande mmoja. Likila pande mbili za gego, au mate yakiingia wakati wa kuziba, kizibo hakidumu. Njia nyingine ni SDF ya asilimia 38, dawa ya maji yenye fedha na floridi inayozuia uozo usiendelee, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Hupakwa kwa brashi ndogo kama dakika moja, baada ya kupaka vaselini midomoni, kwani ikigusa ngozi huacha doa kwa siku kadhaa. Sehemu iliyooza hubaki nyeusi daima, hivyo mzazi aonyeshwe picha na akubali kwanza. Haifai kwa jino linalomwamsha mtoto usiku au lenye usaha.

Aliyepigwa ganzi taya la chini asile mpaka mdomo uamke, saa mbili hadi tatu au zaidi. Wengi hutafuna mdomo wao bila kuhisi. Kesho yake umevimba na una kidonda cheupe ambacho wazazi hukidhania usaha. Uvimbe unaopanda shavuni au chini ya taya, wenye homa au shida ya kumeza, ni jambo lingine kabisa: huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, awe anaogopa au haogopi.