Maganda ya Mahindi Kichwani mwa Bi Harusi

Ganda la hindi bichi si moja. Yale ya nje ni ya kijani, magumu, yenye mishipa. Hayo mpe ng'ombe. Ya ndani kabisa, yanayogusana na punje, ni laini na meupe, na ndiyo yanayofaa kutengenezea maua ya nywele, ya kifuani na shada la bi harusi. Utayapata kwenye masoko ya Nairobi ya Marikiti na Muthurwa, au kwa mchoma mahindi wa mtaani kwenu, mara nyingi bure. Yachukue siku ileile yanapomenywa, maana yakilala kwenye gunia huvunda.

Kazi yenyewe huharibikia kwenye kuanika. Harusi nyingi huja Agosti na Desemba, shule zikifungwa, na fundi hukumbuka maganda Julai, wakati Nairobi imefunikwa na mawingu kutwa nzima. Anika Januari na Februari, mahali penye upepo, kisha hifadhi kwenye katoni. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu.

Ukiona madoa meusi au ya kijani, tupa. Usiyafiche kwa rangi. Sumu ya aflatoksini iliyoua watu 125 mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, ilitokana na kuvu kwenye mahindi ya kula. Ganda haliliwi, ila vumbi lake huvutwa puani, na ua hili litakaa sentimita chache tu kutoka usoni pa mtu.

Ganda kavu lirowekwe kwenye maji ya uvuguvugu mpaka lilainike. Likaushe kwa kitambaa, ukate petali kwa kufuata mishipa, ukingo wa juu uuvute taratibu kwa kidole gumba hadi ujikunje. Anza na petali tatu ndogo kuzunguka waya, funga kwa uzi, kisha ongeza kubwa zaidi, kila moja ikifunika pengo la zile mbili za ndani. Rangi ya nguo, maji moto na chumvi vitakupa waridi jekundu, ingawa mimi ningeliacha na weupe wake wa maziwa, unaopatana na gauni.

Mpini wa shada uzungushie nyuzi za mgomba. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu kisha hukatwa, kwa hiyo mkulima hatakunyima.

Mwonye mteja mapema: petali zikilowa hulegea na kupoteza umbo. Kama picha zitapigwa nje, kwenye bustani ya miti ya Arboretum, mpambe mmoja abebe mwavuli.