Tafsiri Inayorudi Nzima: Dhana Potofu Kuhusu Tafsiri ya Mashine

Kwa muda mrefu njia ilikuwa ya upande mmoja: sisi ndio tuliosoma ya wengine. Leo mtu anaandika kwa Kiswahili, na baada ya dakika chache maneno yake yanasomeka kwa Kiarabu, Kireno na Kihindi. Nafurahia jambo hili kwa dhati, na ndiyo maana yananiuma baadhi ya mambo yanayoaminiwa kuhusu mashine zinazotufanyia kazi hiyo.

"Mashine hubadilisha neno kwa neno, kwa hiyo kosa litaonekana tu."

Enzi hizo zimepita. Januari 1954, Chuo Kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM walionyesha kompyuta ikitafsiri sentensi zaidi ya 60 za Kirusi kwenda Kiingereza, mtaji wake ukiwa maneno 250 na kanuni 6 za sarufi. Google Translate ilipoanza mwaka 2006 ilitegemea takwimu, ikilinganisha vipande vya sentensi. Kuanzia 2016 ilihamia kwenye mitandao ya neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano mingi, ambayo hupokea sentensi yote kisha huunda nyingine, ikichagua kila mara neno linaloelekea kufuata. Mashine ya namna hii imefunzwa kutiririka. Isipoelewa haigugumii, bali hutoa sentensi safi yenye jambo jingine ndani yake. Kosa la zamani lilikwaruza masikio. La leo hupita kimya.

"Nikiirudisha kwa Kiswahili ikasomeka sawa, basi tafsiri ni sahihi."

Hii ndiyo nayoisikia zaidi, na ndiyo inayopotosha zaidi. Chukua sentensi "Mkutano utaanza saa mbili asubuhi". Mashine ikiishika namba tu, itaandika 2 ya asubuhi kwa Kiingereza, na msomaji wa Kiingereza ataelewa saa nane za usiku. Irudishe kwa Kiswahili: "saa mbili asubuhi". Umepata sentensi yako nzima, na mgeni wako amefika saa sita kabla ya wakati.

Au andika, "Mjomba ndiye aliyenilea." Kiingereza kina neno moja tu kwa mjomba, baba mkubwa na baba mdogo. Kiarabu, kama sisi, hutenganisha: kaka wa mama ana jina lake na ndugu wa baba ana lake. Ungetarajia basi lugha hizi mbili zielewane bila shida. Lakini mifumo mingi haiendi moja kwa moja kutoka Kiswahili hadi Kiarabu. Hupitia Kiingereza, kwa sababu matini ambazo mashine hujifunzia, zilizopo kwa Kiswahili na Kiingereza bega kwa bega, ni nyingi kuliko za Kiswahili na Kiarabu. Tofauti ikishapotea hapo katikati hairudi tena, na Mwarabu anaweza kusoma kwamba ulilelewa na ndugu wa baba yako. Ukiirudisha kwa njia ileile, Kiingereza kitakupa tena "mjomba", nawe utaridhika. Ndivyo inavyotokea pia kwa "wewe" na "ninyi", ambavyo Kifaransa hutofautisha lakini Kiingereza hakitofautishi.

Kipimo kinachofaa ni mtu anayeisoma lugha lengwa, yaani ile unayotafsiria. Wala usimwulize kama iko sawa, maana atakujibu ndiyo kwa sababu inatiririka. Mwombe akusimulie alichoelewa.

"Lugha ikiwa kwenye orodha, mashine inaijua."

Mwaka 2024 Google iliongeza lugha 110 kwa mkupuo, orodha yake ikapita 240. Dunia ina lugha zipatazo 7,000, kwa hiyo ni hatua kubwa. Ila orodha haisemi kila lugha imejifunzwa kutoka wapi. Lugha kubwa za Ulaya zina miaka mingi ya mijadala ya bunge lao iliyotafsiriwa na watu. Lugha nyingi za Afrika zimetegemea sana Biblia na maandiko mengine ya dini. Mashine iliyolelewa hivyo yaweza kusema vizuri kuhusu toba, kisha ikayumba kwenye kipimo cha dawa. Masakhane, jumuiya ya watafiti wa Kiafrika iliyoanza 2019, inafanya kazi ya kuziba pengo hilo. Nasi tunaweza kulipanua tusipoangalia: tafsiri mbovu tunayoitupa mtandaoni huokotwa ikawa somo la mashine ijayo.

"Ili mashine ielewe, andika Kiswahili kikavu kisicho na methali."

Hapana! Ondoa utata, usiondoe ladha. "Ua" ni la bustanini, ni la kuzunguka nyumba, na ni amri ya kutisha. Sentensi iseme ni lipi. "Daktari alimwita muuguzi akamwambia anaondoka": nani anaondoka? Mtaje. Na pale ambapo lugha lengwa hulazimisha jinsia, kiambishi chetu "a-" huifanya mashine ibahatishe, mara nyingi daktari akawa mwanamume na muuguzi mwanamke. Methali iache mahali pake, kisha sentensi inayofuata ibebe maana yake waziwazi.

"Kilichoko mtandaoni ni ruhusa kukitafsiri."

Si kweli. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa saini 1886, humpa mwandishi haki ya kuruhusu kazi yake itafsiriwe. Kutumia mashine hakuifuti haki hiyo.

"Msomaji hana haja ya kujua kwamba ni tafsiri ya mashine, wala kuonyeshwa matini chanzi, yaani maneno ya awali."

Anayo haja. Oktoba 2017 Mpalestina mmoja, kibarua wa ujenzi, aliweka Facebook picha yake akiwa kando ya tingatinga na kuandika salamu ya asubuhi kwa Kiarabu. Kitafsiri cha mtandao huo kikaigeuza kwa Kiebrania kuwa mwito wa kushambulia. Polisi wa Israeli wakamkamata, wakamhoji kwa saa kadhaa, kisha wakamwachia. Salamu yenyewe ilikuwa palepale pamoja na picha. Hakuna askari ajuaye Kiarabu aliyekuwa ameisoma kabla ya kwenda kumkamata.