Jinsi ya kusoma alama za bastola ya Luger P08

Watu wakitaka kuijua Luger P08 ya zamani huuliza kwanza namba yake. Namba peke yake haitoshi. Jeshi la Ujerumani liliipokea bastola hii mwaka 1908, na hadi 1918 ilitengenezwa na kampuni ya silaha ya DWM ya Berlin pamoja na karakana ya serikali ya Erfurt. Namba zilianza upya kila mwaka. Zikifika 10000, zilirudi kwenye 1 zikiwa na herufi: 1a, kisha 1b, na kuendelea. Kwa hiyo 4821 inaweza kuwa juu ya bastola nyingi tofauti. Andika vitu vinne kwa pamoja: kiwanda, mwaka, namba na herufi yake.

Lakini usiiguse kabla haijakaguliwa na mtu mwenye ujuzi wa silaha. Kutoa magazini, yaani kasha la risasi, hakuondoi risasi iliyo ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Risasi ikiwemo, kivuta-ganda, kipande kinachotoa ganda la risasi, huinuka kidogo na neno GELADEN, yaani "imejazwa", huonekana ubavuni. Kutu inaweza kukigandisha kipande hicho, hivyo neno hilo lisipoonekana usijipe moyo. Hapa Afrika Mashariki, ambako majeshi ya Kijerumani yalipigana mpaka Novemba 1918, anayeokota silaha ya namna hii aiache ilipo na aite polisi.

Alama ya kiwanda iko juu ya goti la chuma linalokunjika bastola inapofyatuka: herufi DWM zilizosukwa pamoja, au taji juu ya neno ERFURT. Mwaka umepigwa juu ya chemba. Ukiona miaka miwili, mmoja wao 1920, huo wa 1920 si mwaka wa kutengenezwa. Ni alama ya mali ya jeshi iliyopigwa baada ya vita.

Namba kamili iko mbele ya fremu, na herufi yake ndogo ya mwandiko wa mkono iko chini yake. Hapo ndipo makosa hutokea, maana n na u zilizolika hufanana sana. Tarakimu mbili za mwisho hurudiwa kwenye vipande vidogo: bastola ya 4821 itakuwa na 21 kwenye kifyatulio, kwenye kitufe cha usalama na kwenye bamba la ubavuni. Kipande chenye 57 kimetoka bastola nyingine. Chini ya mtutu utakuta pia 8,82 au tarakimu za karibu na hizo. Hicho ni kipenyo cha ndani ya mtutu kwa milimita, wala hakibadilishi ukweli kwamba risasi yake ni ya milimita 9.

Usiisugue kwa msasa wala brashi ya waya. Mihuri ya wakaguzi, taji dogo juu ya herufi, haina kina kirefu, na ikishafutika hairudi. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, zima taa ya chumba, kisha laza tochi ubavuni ili mwanga upite mshazari juu ya chuma. Herufi ambayo haikuonekana itajitokeza kwa kivuli chake. Ipige picha wakati huohuo.