Karamu ya Wabahai si ya kula tu

Jina linawapoteza wengi. Wakisikia Karamu ya Siku Kumi na Tisa, mkutano wa waumini wa dini ya Kibahai, hudhani ni sinia la pilau kila mwezi wa Kibahai, wenye siku 19, unapoanza. Chakula kipo, hata kama ni chai na mihogo, lakini huja mwisho. Kwanza sala. Kisha mashauriano, na hapa ndipo penye uzito: hakuna kasisi wala shehe wa kuamua. Mama anayeona madarasa ya watoto mtaani yamekosa walimu anasema, kijana anaongeza, na mapendekezo yanapelekwa kwa Baraza la Kiroho la Mahali, watu 9 waliochaguliwa kwa kura ya siri bila kampeni. Wazo likishatolewa ni la kikao kizima. Aliyelitoa halipiganii tena.