Makala, nukuu na fedha: jinsi ya kupima utafiti wa daktari bingwa anayefundisha

Msimu wa kupandishwa vyeo ukifika, daktari bingwa anayefundisha Mbeya au Iringa hupimwa kwa mambo mawili: makala alizochapisha na fedha za utafiti alizoleta. Yote mawili yanahesabika. Tatizo ni kwamba mara nyingi huhesabiwa ovyo, na hapo mtu aliyestahili cheo hukikosa.

Kipimo cha makala kinachotumika sana ni faharisi ya h, iliyopendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Panga makala za mtu kuanzia iliyonukuliwa, yaani kutajwa na makala nyingine, mara nyingi zaidi, kisha shuka mstari kwa mstari hadi ya mwisho ambayo nukuu zake hazipungui namba ya mstari wake: namba hiyo ndiyo faharisi. Tuseme ana makala kumi zenye nukuu 41, 22, 15, 9, 7, 6, 6, 3, 1 na 0. Ya sita ina nukuu 6, inatosha. Ya saba ilihitaji 7, nayo ina 6. Basi faharisi yake ni 6. Ile ya kwanza hata ikinukuliwa mara 900, faharisi itabaki 6 palepale: makala moja haimbebi mtu, lakini pia aliyeandika jambo moja lililobadilisha tiba halipwi haki yake.

Faharisi hii hupanda na miaka wala haishuki, kwa hiyo kijana hawekwi sahani moja na mkongwe. Igawe kwa miaka tangu makala ya kwanza: aliyeanza kuchapisha 2013 na kupimwa 2025 anapata 6 kwa 12, yaani 0.5.

Kosa linalowaumiza wengi huku kwetu ni la majina. Majina ya ukoo yanayoanza na Mwa- ni mengi. Mtu huandika majina matatu kwenye makala moja na mawili kwenye nyingine, na wapo wanaobadili jina wakiolewa. Hifadhidata zinazohesabu nukuu, kama Scopus, humwona mtu huyo mmoja kuwa watu wawili. Makala zetu kumi zikigawanyika, upande mmoja 41, 15, 7, 6 na 1, mwingine 22, 9, 6, 3 na 0, tunapata faharisi 4 na 3. Huwezi kuzijumlisha, na 6 imepotea. Dawa yake ni namba ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti chenye tarakimu 16, inayotolewa bure tangu 2012. Iandike kwenye kila makala unayotuma, kisha omba Scopus waunganishe kurasa zako.

Andika pia chanzo na tarehe kando ya faharisi. Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta maandishi ya kitaaluma, huhesabu hata nukuu zilizomo kwenye tasnifu na ripoti, hivyo namba zake kwa kawaida huwa juu kuliko za Scopus au hifadhidata nyingine iitwayo Web of Science.

Kwenye fedha ndiko hesabu huvimba. Chukua mradi wa dola 500,000 kwa miaka mitano unaoendeshwa na taasisi nne. Kila mtafiti akiandika 500,000 kwenye wasifu wake, tayari zimekuwa milioni mbili. Kinachotakiwa ni fungu lililoingia kwenye taasisi yake: likiwa 90,000, ni dola 18,000 kwa mwaka. Ataje pia kama alikuwa mtafiti mkuu au mshiriki, na mkataba uambatanishwe. Barua ya kusifu maombi si fedha.

Azimio la San Francisco la 2012, linalohusu tathmini ya utafiti, linataka vipimo vya jarida visitumike kumpima mtu mmoja mmoja, na kamati zetu zinapaswa kulishika. Tofauti za fani nazo ni kubwa. Mbeya ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, chenye miradi ya kifua kikuu na Virusi vya Ukimwi inayoandikwa na watafiti wengi wa nchi nyingi. Nukuu huko huja haraka. Bingwa wa usingizi anayeshinda chumba cha upasuaji siku nne kwa wiki hana mkondo huo. Mlinganishe na mabingwa wa usingizi wenzake, na kwenye fomu, kando ya faharisi yake, iongezwe safu moja: saa za utafiti alizopangiwa kwa wiki.