Mtoa huduma za lojistiki si dalali: jua unacholipia, jua unachoweza kudai

Malalamiko kuhusu kampuni za lojistiki, yaani zinazopanga usafirishaji wa mizigo ya watu, yanayofika kwenye dawati letu yameongezeka, na mengi huanza kwa maneno yale yale: "Hawana meli, hawana ndege, lori lenyewe wamekodi. Hela yangu wanakula ya nini?" Mlalamikaji ana uchungu wa kweli, maana mzigo wake umechelewa au umefika umevunjika. Lakini akimhesabu mtoa huduma kuwa dalali tu, hajui alistahili kupata nini, na kwa hiyo hajui adai nini.

Kutokuwa na meli ndiyo biashara yenyewe. Kampuni hununua nafasi kwa jumla kwenye meli na ndege za wengine, kisha huigawa rejareja. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi. Mwenye mzigo wa mita 4 akilikodi peke yake analipia hewa. Akiingia kwenye kontena la pamoja, analipia mita zake 4. Mzigo ukiwa mdogo kwa ujazo lakini mzito, hutozwa kwa tani, maana kinachotumika ni kipimo kinachozaa malipo makubwa zaidi. Unapolinganisha kampuni mbili, uliza pia gharama za kulifungua kontena hilo upande wa pili. Bei ya njiani peke yake haikuambii kitu.

Kwa mizigo ya ndege, faida unaweza kuipima kwa tepu. Chukua katoni ya mito ya kulalia, sentimita 60 kwa 50 kwa 40, yenye uzito wa kilo 6. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 120,000, na kanuni ya kawaida ya mizigo ya ndege ni kuugawa kwa 6,000 ili kupata kilo za ujazo, kisha kutoza kilicho kikubwa kati ya hizo na uzito halisi. Mteja anatozwa kilo 20. Mfungashaji anayeijua kazi yake huitia mito ile kwenye mifuko ya plastiki, akainyonya hewa mpaka ikalala bapa, na kimo cha katoni kikashuka hadi sentimita 15. Sasa zinatozwa kilo 7.5. Bei ya kilo haikubadilika hata kidogo. Akiba hiyo haiandikwi popote kwenye ankara, ndiyo maana watu husema hawakusaidiwa.

Siku nyingi hupotea kwenye karatasi. Ankara inasema katoni 42, orodha ya ufungashaji inasema 40, forodha wanausimamisha mzigo. Wakati huo bandari inahesabu tozo ya hifadhi, na kampuni ya meli inahesabu demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena lake lililopitisha siku za bure. Hizo ni tozo mbili, za watu wawili, na kulipa moja hakufuti nyingine. Hili tunalieleza kila siku. Mtoa huduma mzuri husoma hati zote kwa pamoja kabla meli haijaondoka, wakati kosa bado linasahihishika kwa kuandika upya karatasi moja.

Lakini hayo yote hutegemea ukweli wa mwenye mzigo. Tangu Julai 1, 2016, chini ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, SOLAS, kontena lisilo na uzito uliothibitishwa halipaswi kupakiwa melini. Uzito hupatikana kwa njia mbili: kulipima kontena likiwa limeshajazwa, au kupima kila kilichomo na kujumlisha na uzito wa kontena tupu ulioandikwa mlangoni mwake. Kukadiria si njia ya tatu. Vivyo hivyo betri za lithiamu: ni mzigo hatari, na kuziandika "vifaa vya umeme" ili kupunguza gharama kunahatarisha maisha ya watu. Mzigo ukizuiwa kwa sababu hiyo, usije kwetu kumlalamikia mtoa huduma. Adhabu hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini hakuna mahali tunapopajua ambapo udanganyifu huo umempunguzia mtu gharama.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuumiza zaidi. Watu huchanganya dhima na bima. Dhima ni kiasi ambacho msafirishaji anawajibika kulipa kisheria, na kina ukomo. Bima ni mkataba unaoununua wewe ili kuifidia thamani ya mali yako. Kulipa nauli hakukupi bima.

Tazama ukomo huo kwa karibu. Kanuni za Hague-Visby, zinazofuatwa na nchi nyingi kwa mizigo ya baharini, zinaweka kikomo cha vizio 666.67 vya SDR, yaani fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa kila kifurushi, au vizio 2 kwa kila kilo, kile kilicho kikubwa zaidi. Tuseme umesafirisha katoni 420 zenye jumla ya kilo 8,400. Hati ya shehena, yaani ile anayoitoa msafirishaji kuthibitisha mzigo alioupokea na masharti ya kuusafirisha, ikisema "kontena 1 lenye katoni 420", ukomo ni takriban vizio 280,000. Ikisema "kontena 1" basi, kontena zima ni kifurushi kimoja, na ukomo unashuka hadi vizio 16,800. Hulipwi zaidi ya hasara halisi, lakini maneno matatu yaliyoachwa yanaweza kukukosesha sehemu kubwa ya haki yako. Soma hati kabla ya meli kuondoka.

Soma pia mstari wa sahihi. Kampuni iliyosaini "kama msafirishaji" inabeba dhima ya safari. Iliyosaini "kama wakala" kwa kawaida inajibu kwa makosa yake yenyewe tu, na dai la uharibifu utalipeleka kwa msafirishaji inayemwakilisha. Kwa swali hilo moja tumeshaona mashauri yakizunguka miezi.

Muda nao hausubiri. Baharini, chini ya kanuni hizo za Hague-Visby, uharibifu unaoonekana uandikwe papo hapo wakati wa kupokea. Uliojificha, ndani ya siku 3. Kesi ifunguliwe ndani ya mwaka 1. Kwa ndege, chini ya Mkataba wa Montreal, taarifa ya uharibifu itolewe kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea, ya ucheleweshaji ndani ya siku 21, na kesi ndani ya miaka 2. Kupiga simu hakuhesabiki. Ukiwa na shaka, usisaini "nimepokea salama". Andika "katoni 3 zimelowa, moja imefunguliwa", kisha tarehe, na umwombe dereva aweke sahihi chini ya maneno hayo.

Ukija kwetu, leta hati ya shehena pande zote mbili, maana masharti yako nyuma. Leta ankara, orodha ya ufungashaji, hati ya makabidhiano yenye maandishi yako, picha zilizopigwa kabla bidhaa hazijatolewa kwenye katoni, na nakala ya barua uliyompa mtoa huduma pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Katoni zilizoharibika usizitupe mpaka mkaguzi azione.