Maua ya miti yetu ya pwani: yanayosemwa na ukweli wake

Kaskazi ikishaingia tu simu zinajaa picha za mkrismasi, ule mti unaowaka mwekundu barabarani, na chini mtu kaandika "mti wetu wa asili". Mzuri sibishi, ila kwao ni Madagaska. Mlangilangi nao umetoka Asia, na mkarafuu tunaojivunia hivi kwao Maluku huko Indonesia, umeletwa mwanzoni mwa karne ya 19. Wageni tumewapokea na tunawapenda, lakini miti ya kwetu haswa hata haitazamwi, na inaniuma mana sababu yenyewe ni maneno ya kuokota tu.

"Mikoko haina maua, ni kuni na boriti." Hili ndo linalonikera kuliko yote. Chukua mlilana, ule unaosimama mbele kabisa majini, ua lake linafunguka jioni, linatoa nyuzi nyeupe tele kama brashi, ndani limejaa utamu na usiku popo na nondo wanakuja kunywa, alfajiri nyuzi zinaanguka zinaelea juu ya maji na mtini kinabaki kikombe kitupu ambacho baadae kitakaa na tunda. Sasa wewe unafika saa nne asubuhi jua kali, utaona nini? Muia, mkoko mwengine, kikombe chake chekundu, ukipita chini yake utakuta vimezagaa kwenye tope. Mchu, nao ni mkoko, maua yake madogo mno, ya njano iliyokolea, mpaka usogeze uso, lakini simama kimya kidogo usikie nyuki, na watu wa ufugaji wa nyuki wanaijua vizuri asali ya mikoko.

"Mbuyu una wenyewe, mashetani, ua lake linanuka mkosi." Sibishani na imani ya mtu, ila ile harufu ina kazi yake. Ua la mbuyu ni jeupe, kubwa, linaning'inia kichwa chini na linafunguka giza likianza kuingia, harufu inawaita popo wanaokula matunda, wanakunywa huku wanabeba chavua kutoka mbuyu mmoja kwenda mwengine, na kesho yake ua limeshageuka rangi ya kahawia linadondoka. Ubuyu ule tunaougombania na watoto unaanzia hapo jamani! Kwa hiyo na popo nao tuwaache. Pemba kuna popo wakubwa ambao hawapatikani kwengine kokote duniani, waliwindwa mpaka karibu wamalizike, na leo watu wa Kidike wanawalinda wenyewe na wageni wanakwenda kuwatazama.

"Mkwaju umeletwa na majahazi kutoka India." Hapana, asili yake Afrika. Vijiua vyake vya njano iliyopauka vina mishipa myekundu, vitazame kwa karibu.

Mkadi sasa. Watu wanalalamika "wa kwetu hautoi ua lenye harufu, umeharibika". Haujaharibika, mikadi ina dume na jike kila mmoja mti wake, harufu ile tunayoitia kwenye vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, ni ya dume, jike linazaa yale matunda yanayofanana na nanasi. Usiukate tafadhali, bila ya jike hamna mbegu, na bila ya mbegu hilo dume la kukuchumia maua litatoka wapi?

Na wanaosema mtondoo ni mbao za vyombo vya baharini tu, waende Jozani kule Unguja, msitu ule umejaa mitondoo, maua meupe yenye kiini cha njano na harufu tamu. Hapohapo karibu kuna njia ya mbao inayoingia ndani ya mikoko, unatembea bila kukanyaga mizizi wala miche. Asubuhi mapema ndo bora kwa mlilana, na kwa mbuyu toka baada ya magharibi, chukua tochi na mwenzako wa kufuatana nae.